Chapuchapu, Aliyeifundisha Simu Kusubiri Barua

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha yake, na ninaomba mnivumilie nikisoma polepole, maana binti yake amesimama hapa kando yangu akiyageuza maneno haya kuwa ishara za mikono kwa ajili ya baba yake na rafiki zao waliokaa safu za mbele, na tumekubaliana kwamba nikianza kukimbia atanigusa bega.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, katika wodi ya wazazi ya hospitali ileile ambako mama yetu alikuwa mpokea simu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa mama huyo na wa baba yetu, marehemu fundi bomba. Mama alishikwa na uchungu akiwa kazini, vifaa vya kusikilizia vikiwa bado masikioni, na wenzake wa enzi hizo wanasimulia kwamba alimuunganisha kwanza daktari na mtu aliyekuwa akisubiri kwenye laini, ndipo akavua vile vifaa, akasimama, akasema, "Haya, sasa niitieni mkunga."

Jina la Chapuchapu, ambalo wengi wenu mmelijua kuliko jina lake la vyeti, alipewa na baba kwa utani, kwa sababu mtoto yule alikuwa mzito kuliko wote nyumbani, akiosha sahani moja kwa muda ambao mwingine angeosha vyombo vyote na kupiga deki, si kwa uvivu, bali kwa kuwa alikuwa akitazama jinsi maji yanavyozunguka kabla ya kuingia tunduni, na baba, badala ya kumgombeza, alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Chapuchapu, mwanangu, sahani imeshatakata, sasa unaichubua rangi." Jina likamganda, na yeye hakuwahi kulilalamikia hata alipokuwa mtu mzima mwenye ofisi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu kuanzia mwaka 1981, kisha akaenda sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1988, ambako kulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha mezani kama maiti, na mwalimu wa hesabu, alipoona jinsi binti huyu anavyokifunua kile kitambaa kwa adabu, akamwachia ufunguo wa chumba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa programu ya kupanga zamu za usafi bwenini bila upendeleo, nayo ikampangia yeye mwenyewe vyoo mara tatu mfululizo, wenzake wakacheka hadi wakakaa chini, wakamwambia airekebishe, akakataa, akasema mashine haijakosea, ni yeye tu hana bahati, akachukua ndoo akaenda. Aliingia chuo kikuu mwaka 1994, akahitimu shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 1998, na baba alikwenda kwenye mahafali na suruali ya kazi chini ya koti la sherehe, kwa kuwa alikuwa ameacha bomba la watu wazi.

Aliajiriwa kwanza na kampuni moja ya bima, akitunza seva ya barua pepe, yaani ile kompyuta kubwa inayopokea na kugawa barua za ofisi nzima, na hapo ndipo alipoona watu wazima wenye vyeo wakipanda na kushuka ngazi mara kwa mara kutazama kama barua imefika. Mwaka 2004 akahamia kampuni ndogo ya kutengeneza programu za simu, iliyokuwa ghorofa ya pili juu ya duka la dobi, ofisi ambayo ilinuka sabuni na mvuke wa pasi, na ambayo madirisha yake yalikuwa hayafunguliwi asubuhi kwa sababu ya joto la mashine za chini. Huko alimkuta mtu mmoja mpole, mtaalamu wa seva, ambaye wote walimwita Mzee wa Seva ingawa alikuwa hajafika hata miaka arobaini, na ambaye leo amekaa pale pembeni akijifanya anatazama kwingine.

Kazi waliyopewa, kwa lugha nyepesi, ilikuwa hivi. Simu janja za wakati ule, zile zenye vitufe vidogo, zilikuwa zikitaka barua pepe zinakwenda zenyewe kuuliza kwa seva, kuna barua? hakuna, baada ya muda, kuna barua? hakuna, kama mtoto safarini anayeuliza kama tumefika, na simu ikiuliza mara chache barua inachelewa, ikiuliza mara nyingi betri inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Chapuchapu alitaka kuligeuza jambo hilo, simu itulie mfukoni kwa mwenyewe, barua ikifika seva ndiyo ije kugonga mlango. Tatizo likawa kwamba mtandao wa simu ukiona laini imekaa kimya mno huikata bila kumwambia mtu, basi simu ilibidi itikise kichwa kidogo kila baada ya muda ili ijulikane ipo, na kila mtandao ulikuwa na uvumilivu wake, na hakuna aliyekuwa tayari kuwaambia uvumilivu huo ni kiasi gani.

Akawa anazunguka mjini na simu tisa ndani ya kikapu cha sokoni, akikaa kwenye baraza za watu, kwenye vyumba vya kusubiria, chini ya ngazi, akizitazama moja moja, na siku moja mlinzi wa benki akamsimamisha.

"Mama, simu zote hizi ni zako?"

"Ni zangu kaka, zinasubiri barua."

"Zote?"

"Zote. Hii ya bluu imekata tamaa."

Mlinzi akamwita mkubwa wake, mkubwa akapiga simu ofisini, na mkurugenzi wa kampuni akaacha kikao kuja kumtoa, akiwa amekasirika mlangoni na anacheka walipofika nje.

Miezi ikapita na programu haikupona, wakiweka muda mfupi betri inachemka, wakiweka muda mrefu laini inakatika, na mkurugenzi, ambaye si mtu mbaya, akaanza kusema kwamba kampuni haiwezi kuendelea kulea ndoto. Katika hali hiyohiyo, mwanzoni mwa mwaka 2006, baba yetu akalazwa kwa ugonjwa wa mapafu katika hospitali ileile ya mama, na Chapuchapu akawa anashinda naye wodini mchana kutwa, kwa kuwa mama alikuwa ghorofa ya chini kwenye simu zake na sisi wadogo tulikuwa mbali. Baba alikuwa akifumba macho, baada ya kitambo kidogo anauliza, "Bado upo?" naye anajibu, "Nipo, baba." Siku ya kwanza aliuliza karibu kila alipovuta pumzi. Siku iliyofuata akaanza kuacha nafasi, anasinzia, anaamka, anauliza, anasinzia tena kwa muda mrefu zaidi, na alipoacha nafasi ndefu mno akashtuka kwa hofu, akarudi kuuliza kwa ukaribu kidogo, mpaka akapata kipimo chake mwenyewe cha usingizi ambacho aliweza kukivumilia. Chapuchapu alikuwa amekaa pale na kitambaa cha maji mkononi, na alituambia baadaye kwamba aliona haya kwa kilichompitia kichwani, lakini baba alipofumbua macho akamsimulia, na baba, fundi tangu ujana wake, akafikiri kidogo, akasema, "Si aibu. Nenda kajaribu, halafu urudi uniambie kama imeshika."

Akaenda ofisini, akamwambia Mzee wa Seva, "Tulikuwa tunaikosea. Tusiipangie simu isubiri muda gani. Tuiache ijifunze yenyewe, irefushe ukimya kidogo kidogo mpaka ikatwe, ikikatwa irudi nyuma hatua moja, hapo ndipo ikae." Mzee wa Seva anasema alifuta ubaoni kila kitu walichokuwa wameandika tangu mwaka uliotangulia. Programu ikashika. Simu ikakaa na chaji kutwa nzima, barua zikawa zinaingia papo hapo, na dada yetu akapanda ngazi za wodi, akamshika baba mkono, akamwambia, "Imeshika, baba," naye baba akasema, "Uliikaza vizuri?" na alifariki tarehe 2 Mei mwaka huohuo, akijua.

Programu ilitoka kwa umma mwezi Septemba 2006, watu wakaipenda, na wiki chache baadaye akapanda ngazi za ofisi ile kijana mmoja mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama mbele ya mapokezi bila kusema neno, akaomba kalamu kwa mkono, akaandika kwa herufi kubwa, PROGRAMU YENU INAPIGA KELELE, MIMI SISIKII. Alikuwa fundi seremala, kiziwi tangu utotoni, wateja wake walimtumia picha na vipimo vya makabati kwa barua pepe, na kwa kuwa programu ilijulisha kwa mlio peke yake, alikuwa anaziona barua wateja wakiwa wamekwisha kwenda kwa fundi mwingine. Chapuchapu akatoka kumsikiliza, nasema kumsikiliza kwa sababu ndivyo alivyofanya, akasoma, akaandika chini yake, "Samahani sana. Hatukukufikiria." Fundi akaandika, "Sasa mnanifikiria?" Naye akaandika, "Kuanzia leo."

Akaifanya simu itetemeke. Fundi akarudi, akaandika kwamba sasa inatetemeka kwa kila tangazo na kila upuuzi, na yeye yuko kwenye msumeno, karibu akate kidole. Akampangia mitetemo tofauti, mmoja wa wateja, mwingine wa ndugu, na upuuzi usitetemeke kabisa. Fundi akarudi tena, mtetemo wa ndugu umekuwa mwepesi. Akarudi, umekuwa mzito. Akarudi na droo ndogo ya kuwekea kalamu aliyoichonga kwa mkono, akadai kuna tatizo lakini hakuweza kulieleza vizuri, na Mzee wa Seva akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake akasema, "Chapuchapu, programu imepona siku nyingi, anayeumwa ni mwingine." Kufikia hapo dada yetu alikuwa ameshaanza kwenda darasani jioni kujifunza lugha ya ishara, na alikuwa amemficha kila mtu isipokuwa mama.

Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 2008. Mama, mwanamke aliyeishi kwa sauti za watu, alikuwa na wasiwasi wake, na siku ya kuleta posa alimvuta binti yake jikoni akamuuliza, "Mwanangu, mkigombana mtagombanaje?" Chapuchapu akajibu, "Mama, tutagombana tukitazamana. Atakayempa mwenzake mgongo amekubali kushindwa." Walijaliwa binti mwaka 2010, ndiye huyu hapa, na mtoto wa kiume mwaka 2013, na katika nyumba yao watoto walianza kuita "baba" kwa vidole kabla hawajaweza kulitamka, na majirani watakumbuka jinsi taa zilivyokuwa zikiwaka na kuzimwa pale mtu anapoitwa mezani, hata wageni walidhani umeme una hitilafu.

Ninafika sasa kwenye jambo ambalo familia ilijadiliana kama lisomwe, na mumewe akasema lisomwe. Mwaka 2014 kampuni kubwa ilitaka kuinunua kampuni yao, kwa sharti kwamba seva, ambayo Chapuchapu aliijenga igonge mlango tu na iondoke bila kuweka nakala ya barua ya mtu, sasa iwe inafungua barua, inazisoma, na kutokana nazo inawapelekea watu matangazo. Mkurugenzi alimwita, akampa kiti, akamwambia kwa upole, "Ni kipengele kimoja tu, Chapuchapu. Watu wenyewe hawatajua." Akamjibu, "Mama yangu ameunganisha simu za hospitali maisha yake yote, madaktari, wafiwa, wajawazito, na kila akishamuunganisha mtu alikuwa anaitoa sikioni ile waya. Hakuna aliyekuwa anamwona. Mimi nitamwangaliaje?" Mkurugenzi akasema hatalala kwa jambo hilo, na nadhani kweli hakulala, lakini alitia sahihi. Dada yetu alikusanya vitu vyake, droo ile ya kalamu ikiwa juu, akashuka ngazi, na Mzee wa Seva, ambaye hakuwa ameulizwa lolote, akashuka nyuma yake akiwa amebeba kiti chake mwenyewe.

Alilia, tusije tukamfanya jiwe. Aliiona kazi yake ikigeuzwa mikononi mwa wengine, watu wakaanza kuikimbia, na kabla ya miaka miwili kuisha ikafungwa kabisa, naye siku hiyo alikaa karakana kwa mumewe, kwenye vumbi, akipiga msasa mguu wa meza mmoja mpaka mume akaja kumnyang'anya na kumwashiria, "Chapuchapu, hii ilikuwa meza ya watu sita, sasa ni ya watoto." Akacheka huku analia. Kisha mume akamwondolea mbao kwenye chumba cha pembeni ya karakana, akampigia rafu na meza, na hapo yeye na Mzee wa Seva wakaanza upya, programu ndogo zaidi, isiyosoma barua ya mtu, ambayo mpaka leo inatumiwa na zahanati kadhaa kupokea majibu ya maabara, na shule ya watoto viziwi kuwaarifu wazazi, na hawakupata umaarufu nayo, lakini asubuhi alikuwa anakwenda kazini anaimba.

Kuimba huko ndiko kulikoanza kukatika. Mwishoni mwa mwaka 2021 sauti yake ilikwaruza, sote tukalaumu vumbi la mbao, yeye akanywa tangawizi, ikawa haipoi, na madaktari walipompima wakakuta uvimbe kooni uliokuwa umeshashika kisanduku cha sauti, wakamweleza kwamba ili abaki na uhai lazima kitolewe chote. Siku iliyotangulia upasuaji, tarehe 3 Februari 2022, hakutaka kurekodi sauti wala kutoa hotuba, alimpigia mama simu kutoka kitandani, ingawa mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, na mama akaipokea kama alivyopokea simu maisha yake yote, "Hospitali, nikuunganishe na nani?" naye akasema, "Niunganishe na mama yangu." Wakaongea mambo ya kawaida, bei ya nyanya, kucha za mjukuu, mpaka muuguzi alipokuja.

Aliporudi nyumbani bila sauti, nyumba ile haikuwa na la kujifunza, maana mume na watoto walikuwa wakizungumza kwa mikono tangu zamani, na mumewe alituambia kwa kujivuna kidogo kwamba sasa mkewe amekuwa mzungumzaji kuliko zamani na hanyamazi. Aliyekuwa amebaki nje ni mama. Basi mama yetu, akiwa na miaka sabini na sita, vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, akaanza kukaa na mjukuu wake kila mchana kujifunza, na hakuruhusu mtu atazame. Siku aliyojiona yuko tayari, alikwenda akasimama mbele ya kiti cha binti yake, akapanga vidole vyake kimoja kimoja, akaashiria kwa makini sentensi nzima, na sentensi ikatoka, "Pole sana, kabati langu." Mjukuu akaziba mdomo. Chapuchapu alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, kisha akamshika mama ile mikono, akamkunja kidole kimoja kilichokuwa kimekosea, na mama akarudia, na safari hii ikawa "mwanangu." Baada ya hapo walizungumza kila siku, na wakati mwingine alimwita kabati kwa makusudi.

Ugonjwa ulirudi mwanzoni mwa mwaka huu ukiwa umefika mapafuni, madaktari wakasema ukweli wao kwa heshima, naye akaomba abaki nyumbani. Alifanya kazi kidogo kila asubuhi akiwa kitandani, akimkabidhi Mzee wa Seva sehemu moja baada ya nyingine, na alfajiri ya Jumatano, tarehe 5 Juni 2024, jua likianza kuingia, akiwa na mumewe upande mmoja na mama upande mwingine, akafariki dunia kwa utulivu, akiwa na umri wa miaka hamsini. Ameacha mama mzazi, mume, watoto wawili, na sisi wadogo zake wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, na hasa yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyejifunza ishara za "maumivu," "maji" na "geuza mto" bila kuombwa na mtu, tunawashukuru majirani ambao tangu Jumatano hawajauacha mlango huu ufungwe, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, akiwemo yule mkurugenzi wake wa zamani, ambaye amekuja, na amekaa nyuma, na tunamwomba asogee mbele, kwa kuwa alipomwandikia dada yetu wakati wa ugonjwa, dada alimjibu siku ileile, wakapatana.

Mwezi uliopita nilimuuliza, kwa maandishi, maana mikono yangu ni mizito kuliko ya mama, kama kuna jambo angependa lisemwe siku ya leo. Alifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake, kisha akaandika kwamba tuseme ukweli, tusimpambe, na tuwe wafupi kwa sababu watu watakuwa wamesimama juani. Dada, ukweli tumeusema. Kukupamba hatukuhitaji. Ufupi ndio uliotushinda, na watu, kama unavyoona, hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Pumzika, Chapuchapu wetu, taratibu, kwa amani yote, hakuna anayekuharakisha.